Vichwa Kumi na Viwili vya Mapambo

Nimeosha matumbo ya mbuzi tangu sijaota ndevu. Nimepasua maini nikayakuta yamejaa minyoo, nikayatupa, nikanawa mikono, nikaketi nikanywa chai yangu na mahamri. Kwa hivyo asije mtu akanidhania mimi ni wa kutapikatapika ovyo. Nayasema haya mapema kwa sababu kitu kilichonikatisha hamu ya kula kwa siku mbili kilikuwa filamu, na damu iliyokuwamo ndani yake ilikuwa rangi ya kuchanganya na maji.

Filamu yenyewe ni ya tamasha. Bendi moja ya Ulaya ilipiga muziki wake mbele ya watu, kamera zikazunguka, na miezi kadhaa baadaye onyesho zima likatolewa, saa moja na nusu, mwanzo hadi mwisho. Muziki huo wenyewe huuita metali nyeusi, na hawa ni wa tawi lile linaloichanganya na okestra. Kuna fidla, kuna tarumbeta, kuna kwaya ya wanawake waliovaa nguo nyeusi mpaka vidole vya miguu, na mbele yao wanaume watano wenye nywele ndefu waliojipaka chokaa na masizi usoni. Mwimbaji haimbi. Anakoroma, anabweka, anajikamua koo mpaka mishipa inamtoka. Walikuja kurekodi katika shamba la zamani la mkonge nje ya mji wa Kilifi, kwa kuwa waliipenda mitambo iliyoota kutu. Watu wamevuka bahari kuja kutazama kutu.

Mimi niliingia humo kwa ajili ya vichwa.

Duka letu la nyama liko Shella, hapa Malindi. Lilikuwa la babu, likawa la baba, na tangu macho ya baba yaanze kufifia likawa langu. Siku moja asubuhi aliingia dada mmoja wa bara, mchangamfu, karatasi mkononi, akaniita mzee. Sikupenda. Nina miaka arubaini na sita.

"Mzee, nataka vichwa vya mbuzi kumi na mbili," alisema. "Ziwe na pembe, na zote ziwe nyeusi. Unaweza?"

Nikamwambia naweza, ila lazima nijue mapema, maana mbuzi mweusi mwenye pembe hapatikani kila siku. Nikamuuliza wanataka kupika supu au wachome.

"Hatupiki. Ni za mapambo."

Neno hilo ndilo lililoniingiza mkenge. Mapambo. Mimi nimeuzia nyama hoteli za Wataliano miaka na miaka, na nimeyaona mapambo yao. Kamba mkubwa amewekwa katikati ya meza na macho yake, samaki ametiwa ndimu mdomoni, kichwa cha nguruwe kimezungushiwa majani. Nikaona meza ndefu, kitambaa cheupe, kotimiri, na vichwa vyangu vimepangwa vinawatazama wageni. Kwetu hata maiti hupambwa, lakini hilo halikunijia.

Dada akaendelea kusoma karatasi yake. Shingo ziwe ndefu kidogo, ili visimame vizuri. Viwe tayari Alhamisi. Na damu je, ndoo moja hivi?

"Damu siuzi," nilimwambia. "Kwetu damu haiuzwi, ni haramu."

"Sawa mzee, hiyo tutatengeneza na rangi."

Basi nikajiona walii. Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angeuliza ni karamu gani hiyo inayotaka damu ya ndoo. Mimi nilikuwa nimeshughulika kujipongeza. Akaniambia ni kwa ajili ya filamu ya muziki, na kwamba mwishoni wataandika majina ya wote waliosaidia, je, ningependa jina la duka liwemo? Nikamwandikia jina la babu yangu, ndilo la duka, kwenye ile karatasi, kisha nikampokonya tena kalamu nikarekebisha herufi moja, isije ikakosewa mbele ya ulimwengu.

Mbuzi niliwafuata Ganze. Kule kulikuwa kukavu mwaka ule, watu wanachoma makaa na kuuza mbuzi kabla hawajakonda zaidi, kwa hivyo kupata hakukuwa taabu. Nilizunguka miji mitatu, kule mji ni boma la ukoo mmoja, nikapata saba. Mji wa nne ulikuwa wa bibi mmoja wa Kigiriama, mwenye zizi kubwa kuliko wenzake. Nilimwamkia "Kudzacha" kwa matamshi yangu ya mjini, akacheka, akaitika. Nikamwambia nataka mabeberu weusi watano, wenye pembe.

Akaacha kucheka. "Weusi tu?"

"Weusi tu. Saba nimeshapata."

"Kumi na wawili," alisema, akanitazama toka kofia hadi kandambili. "Huyo mganga wako ni wa wapi?"

"Mimi Mwislamu, mama. Sina mganga."

"Hata waganga wengine ni Waislamu."

Nikamweleza kwamba ni Wazungu, wana sherehe yao, wanapenda rangi moja. Akaniambia kwamba yeye ameuza mbuzi tangu ujana wake, na mtu anayenunua kwa rangi hatafuti nyama. Hakuninyima, njaa haimwachii mtu nafasi ya kunyima, lakini aliwatoa mmoja mmoja, na alipomaliza aliingia ndani akafunga mlango. Mimi nikaona ni ushamba. Nikawapakia mbuzi wangu nikarudi zangu mjini nikipiga mluzi.

Sasa, nina jambo la kueleza hapa, na ningelipenda kuliruka, ila bila hilo mengine yote ni porojo.

Mamangu alikuwa amefariki, na mwaka ulikuwa unakaribia kutimia. Tulikuwa tumepanga kumsomea hitima Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Baba alikuwa amesema, tena si mara moja, kwamba mbuzi wa hitima ile atakwenda kumchagua yeye mwenyewe. Alikuwa mchinjaji miaka hamsini, mkewe alikula nyama aliyoichagua yeye maisha yake yote, na alitaka kumchagulia mara moja ya mwisho. Nilimjibu ndiyo baba, inshallah baba, kama mtu anavyomjibu mzazi bila kumsikiliza.

Ila mimi nilikuwa na mbuzi kumi na wawili wa kuchinjwa Jumatano moja. Jumatano ya kawaida nauza watatu, wanne pakiwa na arusi mtaani. Friza ya dukani ni ndogo na umeme wetu una tabia zake. Nyama ya mbuzi wanane ingenilalia. Nikakaa nikapiga bongo, na nikajiona mwerevu. Nilikwenda kwa baba nikamwambia mpishi wetu ana arusi Lamu Ijumaa ile ya mwisho wa mwezi, hatapatikana, kwa hivyo hitima tuilete mbele, iwe Jumatano hii. Na mbuzi asihangaike, Ganze ni jua na vumbi, na macho yake yale, mbuzi nimeshapata wazuri. Mpishi hakuwa na arusi yoyote, si Lamu wala kwingine.

"Haya," baba alisema. "Madhali ni wazuri."

Alfajiri ya Jumatano niliwachinja machinjioni, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja nikimwelekeza kibla, kila mmoja nikitaja jina la Mwenyezi Mungu. Kazi yangu sina wasiwasi nayo. Baba alinifundisha kwa kunipiga makofi ya kisogo: kisu kipite chini ya koromeo, lile fundo gumu la koo, ili koromeo libaki upande wa kichwa. Likibaki upande wa kiwiliwili, wazee wetu hawali nyama ile, na mteja wa zamani akinunua kichwa kwetu kitu cha kwanza anachofanya ni kukipindua atazame. Kisha nikavitenga vichwa kwa shingo ndefu kama nilivyoambiwa. Nyama ya shingo, ambayo watu huigombania kwa supu, nikaiacha iende na vichwa. Hata hilo liliniuma wakati ule kuliko jambo lolote jingine.

Mbuzi sita wazima walikwenda kwenye masufuria ya hitima, na wawili nikawabana kwenye friza. Watoto wa chuo cha Kurani walisoma, maalim akaomba dua, pilau likapakuliwa kwenye sinia. Baba alikaa na wazee wenzake, akala, akasema nyama ni laini. Yeye hupenda ulimi na ubongo, kwa hivyo akauliza vichwa viko wapi.

"Vina mwenyewe, baba. Vimeagizwa."

"Vyote?"

"Vyote."

Akatikisa kichwa, akaendelea na pilau lake.

Alhamisi dada wa bara akaja na gari na masanduku ya barafu, akavichukua. Jumamosi nasikia wakapiga muziki wao. Mimi nikasahau. Watu wakashiba, friza yangu ikawa tupu, na nilijisifu moyoni kwa wiki nzima jinsi nilivyopanga mambo yakapangika.

Filamu ilitoka baada ya miezi minne au mitano. Jirani yangu wa dukani ni mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi, na simu yake hupokea kila kitu kabla ya simu za wenzake. Alikuja kaunta kwangu saa nne asubuhi, akanyoosha mkono uliojaa unga.

"Babu wee, hebu tazama. Hili si jina la marehemu babu yenu?"

Ndilo. Herufi nyeupe juu ya weusi, zinapanda taratibu, limeandikwa sawasawa, ile herufi niliyoirekebisha iko mahali pake. Juu yake kulikuwa na neno la shukrani na chini yake mtengeneza taa.

"Na juu zaidi kuna nini?" nikamuuliza.

"Juu zaidi," alisema, "bora utazame mwenyewe. Mimi nimeshatawadha."

Nilifunga nusu ya mlango baada ya adhuhuri nikakaa juu ya gogo la kukatia nyama, nikaitazama yote. Niseme ukweli, mwanzo haukuwa mbaya. Fidla zilianza peke yake, taratibu, na mimi ni mtu wa taarabu, fidla ikilia vizuri hunishika. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa wana adabu. Kisha taa zikawaka nyekundu na ngoma ikaanza kupiga mbio kama mashine ya kusaga nafaka iliyokatika breki, na nikaviona vichwa vyangu.

Vilikuwa juu ya miti. Sita kulia, sita kushoto, vimechomekwa shingoni, vinatazama watu. Hakuna meza, hakuna kotimiri. Vilikuwa vimekaa tangu Alhamisi, na kama kulikuwa na barafu basi ilikuwa ya njiani tu, maana jua la Kilifi lilikuwa limeshavifanyia kazi yake. Macho yamezama. Midomo imejikunja ikaacha meno. Nzi walikuwa wengi hata kamera ikikaribia unawaona wanatembea ndani ya pua, na yule mpiga picha, Mungu amlipe anachostahili, alikuwa hachoki kukaribia. Harufu ya kichwa cha siku mbili naijua. Nilikuwa nimekaa dukani kwangu, sakafu imesuguliwa kwa sabuni, na nilianza kuisikia.

Yule mwimbaji asiyeimba akakiendea kimoja. Akakishika pembe, akakibusu mdomoni. Kisha akatoa ulimi, akakilamba jicho. Watu wakapiga kelele za furaha, vijana wakubwa wenye wazazi wao. Akakimwagia ile rangi nyekundu, akaipaka kidevuni mwake, akakoroma kuhusu jambo ambalo kwa bahati njema silijui lugha yake. Na nyuma yake wapiga fidla, wote wanawake, nywele zimechanwa vizuri, wanapiga muziki mtamu huku nzi wanatua kwenye mabega yao, na hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Hilo lilinichukiza kuliko ulimi wa yule mwingine. Yeye angalau alikuwa amejipaka masizi, unajua unatazama nini. Hawa walikuwa wamenawa.

Nikahesabu. Kumi na viwili, vyote vipo. Wimbo wa mwisho walivirusha kwa watu. Kichwa kizima cha mbuzi, chenye mashavu, chenye ulimi, chenye ubongo ambao baba yangu alikuwa ameuulizia na nikamwambia una mwenyewe, kiliruka hewani kikaangukia vumbini, kikakanyagwa. Ganze watu walikuwa wanakula mara moja kwa siku. Nilikwenda nyuma ya duka nikatapika mahamri ya asubuhi. Mara ya mwisho nilipotapika nyuma ya duka lile nilikuwa mtoto, na baba alikuwa amenipa kazi ya kusafisha tumbo la ng'ombe.

Kabla ya alasiri mtaa mzima ulikuwa umeshaona. Sikukasirika nao, ningekuwa mimi nisingekaa kimya. Swali lilikuwa moja, na lilikuwa la haki: mbuzi weusi kumi na wawili waliochaguliwa kwa rangi kwa ajili ya ibada ile, waliochinjwa kwa agizo la watu wale, nyama yao tuliila sisi. Ilichinjwa kwa jina la nani? Walionunua Jumatano ile walianza kukumbuka walinunua nini, robo ngapi, na nani aliumwa tumbo baadaye. Waliokula hitima wakakumbuka pia. Siku tatu sikuuza hata kilo kumi. Mama wa mahamri mwenyewe alinisalimia kwa upole, kwa ile sauti wanayomsalimia nayo mfiwa.

Nilimfuata maalim msikitini. Yeye ni mtu wa vitabu, hana haraka.

"Ulitaja jina la Mwenyezi Mungu?"

"Nilitaja, maalim. Kila mmoja."

"Uliwachinja kwa ajili ya ngoma ya hao watu?"

"Niliwachinja niuze. Sikujua ngoma yao."

"Basi nyama ni halali, na nyote mliokula mmekula halali. Waliyoyafanya kwa vichwa ni juu yao." Akafikiri kidogo. "Lakini siku nyingine mtu akitaka kumi na wawili wa rangi moja, muulize maswali."

Aliyasema hayo hayo mbele ya watu baada ya swala, na watu wakaridhika, wengi wao. Wateja wakaanza kurudi, kwanza wa maini, kisha wa nyama ya mifupa. Ningeweza kusema yaliishia hapo.

Lakini kulikuwa na baba. Yeye alikuwa hajaona chochote. Simu yake ni ya vitufe, na watu kwa kumheshimu walikuwa wamemficha. Nilijua haitachukua siku nyingi. Nilikuwa simwogopi kwa habari ya shetani. Nilikuwa naiogopa ile Jumatano, kwa sababu maalim alikuwa amenihukumia mbuzi, na mbuzi hawakuwa tatizo langu tena. Nilimkosesha mzee ahadi yake kwa mkewe, na nilikuwa nikijua peke yangu.

Niliamua kumwonyesha mimi. Nilikwenda nyumbani mchana, akiwa ameketi ukumbini na mswaki wake anasugua meno manne yaliyobaki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mapema? Duka wamwachia nani?"

"Nimelifunga kidogo. Kuna kitu nataka ukione."

Akavaa miwani, akaishika simu mbali na uso wake, na mimi nikaiweka pale penye vichwa, sikutaka asikie fidla akadhani ni starehe. Yule mtu alipolamba jicho, baba alisema "Mshenzi," kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa. Kisha kamera ikapita kwa chini, chini ya kidevu cha kichwa kimoja.

"Rudisha," alisema. "Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Akaisogeza karibu.

"Koromeo liko juu. Mkato mmoja, hakurudia." Akanitazama. "Hii ni kazi yetu hii."

"Ndio, baba. Ni mimi."

Uso wake ulikuwa na fahari kidogo, na laiti ningeufunga mchana ule pale pale. Alinirudishia simu, akaendelea na mswaki, na nilidhani amemaliza. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Hawa ndio wale wa Jumatano?"

"Ndio."

"Kumi na wawili."

"Kumi na wawili."

"Nawe Jumatano huuza watatu." Akauweka mswaki chini. "Mpishi alikuwa na arusi kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mpishi ni rafiki yangu, angenisitiri. Lakini nilikuwa nimetoka kutazama watu walionawa wakipiga fidla kati ya nzi, na nilikuwa nimewachukia kwa siku kadhaa, na nikaona sina tofauti nao hata kidogo. Wale waliojipaka masizi walitaka vichwa, wakasema wanataka vichwa. Mimi nilivaa kanzu safi nikakaa kwenye hitima ya mamangu nikiitikia dua.

"Hapana, baba," nikasema. "Nyama ilikuwa nyingi."

Jikoni dada yangu alikuwa anakuna nazi, na nilitamani asiache.

"Basi mamako," alisema, "ulimpa iliyobaki."

Hakupandisha sauti wala hakunitoa ndani ya nyumba. Siku iliyofuata nilipoleta nyama ya nyumbani kama kawaida, dada aliniambia baba amesema atakula samaki. Wiki nzima akala samaki. Wiki ya pili akala mchicha na dagaa. Wateja wote walikuwa wamesharudi, duka limejaa, na mtu mmoja tu katika Malindi nzima alikuwa hali nyama yangu, naye ndiye aliyenifundisha kushika kisu. Nilijichukia kwa namna ambayo sikuwa nimemchukia hata yule mlamba macho.

Wiki ya tatu, asubuhi, alikuja dukani mwenyewe, mkongojo mkononi, viatu vya kutokea miguuni.

"Nipeleke Adu," alisema. "Nasikia huko mbuzi bado wana mwili."

Nilifunga duka. Njia nzima aliuliza tu tumefika wapi. Tulipofika aliingia zizini kwa watu, akainama, na kwa kuwa macho hayamsaidii aliwapapasa mbuzi mmoja mmoja, mgongo, mbavu, chini ya mkia, akiwafungua midomo kwa kidole gumba. Alikataa tisa. Mwenye mbuzi alianza kunikonyeza nimwambie mzee jua ni kali, nami nikajifanya simwoni. Wa kumi alikuwa dume la kahawia lenye doa jeupe begani. Alimshika mgongo kwa muda mrefu, mkono umetulia tu pale, kama amesahau alichokuwa anakitafuta.

"Huyu," alisema.

Hitima tuliisoma Ijumaa iliyofuata, nyumbani, bila watu wengi. Asubuhi baba alitandika majani ya mgomba uani, akaomba kisu chake cha zamani, akakinoa mwenyewe. Mikono yake hutetemeka siku hizi, hata kikombe cha kahawa humwagika. Nikamwambia, "Nipe mimi, baba."

"Wewe shika miguu."

Nikapiga magoti nikashika miguu, mtu mzima wa miaka arubaini na sita mwenye duka lake, kazi niliyoifanya mara ya mwisho nikiwa sijatahiriwa. Baba alimlaza mbuzi, akamwelekeza kibla. Kisha, kabla ya kukishika kisu, aliinua viganja vyake akamwomba Mungu thawabu za mbuzi yule zimfikie mama, na akamtaja, jina lake kamili, na la babake, na la babu yake, taratibu, kama anayemtambulisha kwa mgeni. Ndipo akachukua kisu akasema bismillahi, akakata mara moja, hakurudia.

Mbuzi alitulia mikononi mwangu. Jumatano ile ya wale weusi nililitaja jina la Mwenyezi Mungu mara kumi na mbili, bila kukosea hata moja. La mama sikulitaja.